Barua kwa Mhariri: Waliopona walishasema, hakuna aliyewasikiliza

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Mtwara.

Naandika kuhusu makala yenu ya Jumapili iliyopita, ile ya Peter Sutcliffe, dereva wa lori wa Uingereza aliyeua wanawake 13 kati ya 1975 na 1980 mpaka magazeti ya kwao yakampa jina la Yorkshire Ripper, yaani mchinjaji wa Yorkshire, eneo la kaskazini mwa nchi yao. Nimeisoma kwenye daladala natoka Mikindani, nikafika nyumbani nikaisoma tena, na tangu siku hiyo roho haijatulia ndio maana nimekaa kuandika. Mmeandika vizuri sikatai, ila muuaji mmempa kurasa mbili nzima na ile picha yake ya ndevu, mmeeleza alivyokuwa mjanja, alivyowazungusha polisi miaka mitano, halafu wale wanawake mkawapa mstari mmoja tu mkawaita makahaba. Wote kwa jumla. Kwanza sio kweli. Pili hata wale waliokuwa wanajiuza ni watu, wana mama zao na watoto zao. Na tatu, ambalo ndilo limenifanya niandike, lile neno ndio lilichangia kesi kuchukua miaka yote ile. Sutcliffe hakuwa mjanja hivyo. Polisi walimhoji mara 9 kabla ya kumkamata. Mara tisa Mhariri, wamekaa naye, wameongea naye, wameandika majibu yake, wakaondoka.

Kijana wangu yuko chuo hapahapa Mtwara, nilimwomba anitafutie habari za kesi hiyo kwenye simu akawa ananisomea kwa Kiswahili usiku kucha karibu siku tatu. Kuna ripoti inaitwa ya Byford, iliandikwa 1981 baada ya hukumu kuchunguza polisi walikosea wapi, na serikali yao ikaifungia mpaka 2006 ndio wakaitoa. Robo karne wananchi hawajaambiwa. Ningeomba na nyie muitafute, maana ndani ya ile ndio kuna stori yenyewe.

Mimi nimekuwa karani wa chama cha msingi cha korosho huko Tandahimba miaka 22, kwa hiyo nilipofika kwenye habari za makaratasi nilielewa haraka sana. Pale Leeds, mji wa hukohuko Yorkshire, kwenye chumba cha upelelezi kompyuta hakuna, ni kadi. Kila jina lina kadi yake, kila gari kadi, kila aliyepiga simu kadi, zikajaa mpaka sakafu ikabidi iongezewe nguvu kwa uzito wa karatasi. Sutcliffe alikuwemo humo, tena zaidi ya mara moja, ila habari zake zimetawanyika, hii iko sanduku hili nyingine iko kule, na zingine zinasubiri kuandikwa. Kwa hiyo askari anatumwa kwenda kumhoji hajui kwamba mwenzake alishafika pale pale mwaka jana. Sisi kwenye korosho tunalijua hili jambo. Mkulima leo kaandikwa Hamisi Saidi kwenye daftari la mizani, wiki ijayo karani mwingine kamwandika Saidi Hamisi, benki wana jina la tatu, na malipo ya mnada wa pili hayamfikii mpaka mtu mmoja akae chini ayaweke madaftari matatu mezani kwa pamoja. Mimi nimelala ofisini msimu mzima kwa ajili ya kazi hiyo, kwa ajili ya kilo za korosho. Kule ilikuwa roho za watu.

Na mfano mmoja tu ngoja niutoe maana ule uliniuma. Oktoba 1977 aliua mwanamke Manchester, kwenye mkoba wake kukakutwa noti ya paundi 5 mpya kabisa. Polisi wakaifuatilia namba, wakaenda benki, wakajua imetoka kwenye mafungu ya mishahara ya makampuni ya upande wa Bradford na Shipley. Hiyo ni kazi safi, nampa heshima yake aliyeifanya. Wakaanza kuhoji wafanyakazi kampuni kwa kampuni, mwezi wa Novemba wakamfikia Sutcliffe, tena mara mbili ndani ya mwezi huohuo. Mke wake akasema alikuwa nyumbani, mama yake akasema kulikuwa na sherehe ya kuhamia nyumba, basi, imeisha. Halafu baadaye gari lake likaonekana tena na tena usiku kwenye mitaa ambayo wanawake wanasimama, akahojiwa kwa hilo nalo. Noti kwenye sanduku moja, gari kwenye sanduku lingine. Hakuna aliyeyaweka mezani kwa pamoja.

Sasa niseme kuhusu waliopona, maana makala yenu haikuwagusa kabisa kana kwamba hawakuwepo.

Kabla hata hajaua yule wa kwanza, mwaka huohuo 1975, alishapiga wanawake wengine nyundo kichwani na wakapona, Keighley na Halifax. Mwezi wa nane kule Silsden akampiga binti wa miaka 14 kwenye njia ya kijijini. Yule binti alitembea naye kwa muda njiani wanaongea kabla hajampiga, kwa hiyo alimwona vizuri, akaeleza alivyo, picha ikachorwa. Hawakuiunganisha na kesi. Kwa nini? Kwa sababu walishajiwekea kichwani kwamba huyu mtu anashambulia makahaba, na huyu ni mtoto wa shule, kwa hiyo si yeye. Sutcliffe alikuja kukubali mwenyewe kwamba alimpiga yule binti, lakini hiyo ni 1992.

Mei 1976, Leeds, mwanamke wa miaka 20, asili yake visiwa vya Karibiani, mjamzito wa miezi minne. Alipigwa nyundo usiku kwenye uwanja wa wazi, akajikokota mwenyewe mpaka kwenye kibanda cha simu akapiga kuomba msaada. Mtoto wa tumboni akafa. Alipopata nafuu akaeleza sura, picha ikatoka, na ukiiweka leo pembeni ya picha ya Sutcliffe utashangaa, ndevu zilezile nywele zilezile. Polisi hawakumwamini, wakamtoa kwenye hesabu ya kesi. Yani wana mtu aliyemwona muuaji kwa macho yake na akapona, wanamwambia hapana wewe sio wetu.

Na hawa waliopona kuna waliosema wazi kwamba yule mtu lafudhi yake ni ya hukohuko Yorkshire, mtu wa nyumbani. Mhariri shika hilo jambo maana ndipo kesi ilipovunjikia.

Juni 1979 polisi wakaletewa kaseti kwa posta. Sauti ya mwanaume anasema yeye ndiye Jack, yaani huyo Ripper mwenyewe, anamkejeli mkuu wa upelelezi, George Oldfield, kwa jina lake. Kabla ya hapo kulishakuja barua. Wataalamu wa matamshi wakasikiliza wakasema huyu ni mtu wa Sunderland, mji mwingine nje ya Yorkshire, tena wakataja mpaka kitongoji, Castletown, na kwenye kusema ni mtu wa Sunderland walikuwa sahihi. Lakini hao hao wataalamu walikuja kuonya kwamba mwenye sauti anaweza asiwe muuaji. Hawakusikilizwa. Kaseti ikapigwa redioni, kwenye televisheni, ikawekwa namba ya simu kila mtu apige asikilize. Na kuanzia hapo mtu akihojiwa kama haongei kama wa Sunderland anaachiwa. Ili wasomaji wenzangu wa kusini waelewe, ni sawa polisi wa hapa wapate rekodi ya mtu anaongea kama wa Kilwa, halafu kila mtuhumiwa mwenye lafudhi ya Newala wanamwambia nenda nyumbani. Mwezi wa saba mwaka huohuo askari mmoja alimhoji Sutcliffe akatoka pale na mashaka kabisa, akaona anafanana na zile picha, akaandika ripoti kwa wakubwa. Wakaangalia lafudhi, wakaangalia mwandiko wa zile barua, wakaona haviendani, ripoti ikawekwa kwenye faili. Baada ya ile kaseti wanawake watatu zaidi wakafa, wawili kati yao wanafunzi wa chuo.

Mwenye ile sauti alipatikana 2005, mlevi tu mmoja anaitwa John Humble, walimpata kwa vinasaba vya mate kwenye bahasha aliyoilamba mwenyewe. 2006 akafungwa miaka 8.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa hajawahi hata kumwona muuaji aliaminiwa kwa sababu ya kaseti, na wanawake waliokuwa na mishono kichwani hawakuaminiwa. Hilo nimelirudia kwa kijana wangu mara kadhaa mpaka akaniambia mama lala.

Nirudi kwenye lile neno. Yule wa kwanza kuuawa, Oktoba 30, 1975, alikuwa na watoto wanne. Watoto walipoamka usiku wakaona mama hajarudi, wawili wakatoka alfajiri kwenda kituo cha basi kumsubiri. Mimi nililisikia hilo nikamwambia kijana simama kwanza usiendelee. Baridi ya kwao, mwisho wa Oktoba, watoto wadogo wamesimama kituoni wanaangalia kila basi linalokuja. Na makala yenu inasema kahaba, nukta. Polisi wao nao walisema hivohivo. Juni 1977 alipouawa binti wa miaka 16 mfanyakazi wa dukani ndio nchi ikashtuka, ndio ikaanza kusemwa eti sasa anaua wasio na hatia. Afisa mkubwa alilisema hilo hadharani. Na hata mahakamani 1981 mwanasheria mkuu wa serikali akasimama kusema kwamba cha kusikitisha zaidi ni kuwa baadhi hawakuwa makahaba. Kwa hiyo wengine hawasikitishi? Novemba 2020, Sutcliffe alipokufa hospitalini akiwa bado mfungwa, ndio polisi wa West Yorkshire wakaomba msamaha kwa familia kwa maneno waliyotumia miaka ile. Wenyewe wameomba radhi, nyie mwaka huu mnayarudia kwenye makala yenu.

Halafu wanawake wote wakaambiwa usiku wasitoke. Anayeua ni mwanaume ila anayefungiwa ndani ni mwanamke. Wanawake wa Leeds walikataa, Novemba 1977 wakaandamana usiku na taa zao mikononi. Hilo nalo lingefaa kuwekwa.

Na alivyokamatwa, maana watu wanadhani ilikuwa upelelezi mkali. Januari 2, 1981 mjini Sheffield askari wawili wa doria waliona gari limeegeshwa, wakakagua namba wakakuta ni za bandia. Basi. Akaomba kwenda kukojoa, akatupa nyundo na kisu nyuma ya tenki la mafuta, na sajenti mmoja kesho yake akili ikamwambia rudi pale ukaangalie. Akavikuta. Zaidi kidogo ya mwezi mmoja kabla, rafiki yake mwenyewe Sutcliffe alishaandika barua polisi kumtaja, akaenda mpaka kituoni kutoa maelezo, maelezo yakapotelea kwenye makaratasi.

Huku kwetu mtu akiuawa usiku, barazani kesho yake utasikia mumiani, au wachawi, au wageni wa msimu. Hatutaki awe jirani. Sutcliffe alikuwa na mke, na kazi, na nyumba, na jirani zake walimsalimia kila asubuhi.

Na sasa la kwangu Mhariri, maana bila hili nisingeandika.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Msimu wa korosho wa 2009 alikuwa anauza uraka, ile pombe ya mabibo, kijiji kimoja cha Tandahimba, mnajua msimu ukifika na mabibo yakiwa mengi wanawake wengi wanajipatia riziki hapo, anakamua, anauza kwa kopo, pesa ya ada inapatikana. Kwetu huku ukisema fulani anauza uraka wapo watu kichwani wanaongeza mengine. Usiku mmoja kama saa nne anarudi, ndoo ya bati kichwani, mtu akamfikia kwa nyuma. Alimsalimia kwanza. Akamuuliza kisima kiko wapi. Alipogeuka kuendelea na safari akapigwa, na ile ndoo ndio ilipokea pigo la kwanza, ikabonyea. La pili ndio likampata juu ya sikio. Mbwa wa nyumba ya jirani wakabweka, yule mtu akakimbia.

Tulikwenda naye kituoni asubuhi kanga imeganda damu. Askari aliyetupokea, swali la kwanza: saa nne ulikuwa unatoka wapi? La pili, unauza nini? Aliposema uraka, kalamu ikawekwa mezani. La tatu, una mume? Alipewa PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, akaenda hospitali akashonwa, RB, yaani namba ya ripoti yetu, tuliipata siku ya pili baada ya mimi kugombana kidogo. Mdogo wangu akasema yule mtu alimsalimia kwa Kimakonde safi cha upande wa Newala, kwamba huyu ni mtu wa hukuhuku. Tukajibiwa watakuwa vibarua waliokuja na msimu, wale ukitaka kuwakamata mpaka uende Msumbiji. Ilipofika mwezi wa pili tukaambiwa mpelelezi kahamishwa. Ile RB namba mimi ninayo kwenye daftari langu la mizani mpaka kesho.

Miezi kama minne baadaye kijiji cha pili mwanamke mwingine alipigwa hivohivo, kwa nyuma, usiku, na yeye alisalimiwa kwanza. Yule aliripoti kituo kingine. Mimi nilikwenda mwenyewe kwa miguu kuwaambia kwamba kuna mwingine kama huyu, angalieni hayo maelezo mawili. Niliambiwa mama, kila kituo kina kazi zake.

Siku hizi kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na nimeona mabinti wanapokelewa vizuri kuliko sisi tulivyopokelewa, wanakaa chumba chao, anayewahoji ni askari mwanamke. Nashukuru kwa hilo kwa moyo wote. Lakini dawati la kituo hiki linajua ya kituo kile? Uingereza baada ya ile aibu walitengeneza mfumo wa kompyuta wa kuunganisha kesi kubwa, wakauita HOLMES, ukaanza kazi miaka ya themanini. Sisi hatuhitaji kusubiri mtambo wa gharama. Mtu mmoja kwa wilaya, daftari moja, kila mwisho wa wiki apige simu kila kituo aulize nani kapigwa, wapi, na mpigaji alisema nini kwa lugha gani. Mimi na elimu yangu ya darasa la saba naweza kuifanya kazi hiyo, na makarani wenzangu wako wengi.

Na kwenu Mhariri ombi langu ni kwamba mrudie ile makala. Muanze na yule binti wa Silsden na yule mama wa Leeds aliyejikokota mpaka kwenye simu. Mkifika kwenye waliokufa semeni alikuwa mama wa wangapi, alikuwa anasoma nini, alikuwa anafanya kazi duka gani, kama mnavyoandika mkiandika tanzia za wakubwa. Na mkipata mwandishi huku kusini mtumeni vituoni akaulize mafaili ya wanawake waliopigwa usiku misimu ya korosho yako wapi.

Mdogo wangu yupo, naishi naye hapa Chuno. Ukimuuliza leo anakwambia yule mtu alivaa katambuga maana alizisikia zinavyoburuza mchangani, alinuka moshi kama mtu aliyekesha kwenye tanuri la mkaa, urefu wake ulikuwa kama wa mjomba wetu, na neno alilomsalimia nalo analirudia kama alivyolisema yeye, kwa sauti ileile. Hajaulizwa tena tangu 2009. Ile ndoo siku ile tulikwenda nayo kituoni tukidhani wataitaka, tukaambiwa irudisheni nyumbani. Iko hapa uani, imebonyea upande mmoja kama ngumi ya mtoto, anachotea maji ya kufulia.

Karani mstaafu,
Chuno, Mtwara